Ufunguo wa Darasa Anakaa Nao Nani?

"Mwenyekiti, mwanangu wa mwisho kamaliza la saba mwaka juzi. Hizo tofali kumi nazileta kwa ajili ya nani?"

Aliyeuliza ni mama muuza vitumbua wa mtaani kwetu, pembezoni mwa mji wa Morogoro. Mkutano ulikuwa chini ya mwembe wa shule ya msingi. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya mia na thelathini ndani ya chumba kimoja, wakati mwongozo wa serikali unataka 45. Waliokosa dawati walikaa sakafuni, waliokosa sakafu walikaa dirishani, miguu ikining'inia nje, sikio moja kwa mwalimu na jicho moja kwa bodaboda zinazopita. Shule haikuwa na budi kupanuliwa. Kamati ya shule ikapendekeza kila kaya ilete tofali kumi za kuchoma au thamani yake kwa fedha. Hapo ndipo mama aliposimama, khanga kaikaza kiunoni, akauliza.

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa mtaa akajibu kama wajibuvyo wenyeviti wote: "Mama yangu, mtoto wa mwenzio ni wako." Mama akakaa, ila uso wake haukuwa wa mtu aliyejibiwa.

Swali hilo nimetembea nalo muda mrefu. Nilipoanza kusoma namna watu wa kwingine walivyojenga na kupanua shule za mitaa yao, nilitarajia kukuta kwamba sisi ndio wa kuchanga na wenzetu ni wa kujengewa. Sivyo. Penye shule ya msingi ya zamani, ukifukua kidogo, mara nyingi unakuta jasho la majirani. Kinachotofautiana ni kile ambacho jasho hilo lilinunua.

Kwetu linanunua boma. Mgeni akisikia neno hilo atadhani nasema ngome ya Wajerumani au makazi ya Wamasai, lakini katika lugha ya halmashauri zetu boma ni jengo lisilokwisha. Wananchi huchimba msingi, husomba mawe na mchanga, huleta tofali; fundi wa mtaani hupandisha kozi moja juu ya nyingine mpaka kwenye linta. Hapo kazi husimama. Kupaua kunataka mbao, bati na fundi wa kenchi, na hivyo vyote ni fedha taslimu, haviokotwi mtoni kama mchanga. Basi upo mgawanyo ambao hakuna asiyeujua ingawa huwezi kuukuta umechorwa ukutani: nguvu za wananchi zinaishia kwenye linta, serikali inamalizia. Kwa miaka kadhaa fungu la kumalizia boma la darasa moja lilikuwa shilingi milioni 12.5. Boma lililopata fungu huwa darasa. Lililokosa huota mipapai.

Sisemi mafumbo. Shuleni kwetu lipo. Lilifika linta kabla sijahamia mtaani. Tofali za juu zimeanza kuliwa na mvua, udongo unarudi kuwa udongo, na kwenye pembe ambayo ubao ungekaa pamesimama mpapai unaozaa vizuri sana. Watoto wanajua siku ambayo papai litaiva kuliko wanavyojua tarehe ya mtihani. Uchaguzi ukikaribia, hakosi mgombea wa kuja kupigwa picha mbele yake.

Mazoea haya yana historia. Azimio la Musoma la 1974 liliagiza kila mtoto wa umri wa kusoma awe shuleni ifikapo 1977, na vijiji vikaambiwa vijenge. Vikajenga, kwa miti na udongo palipobidi. Ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) kuanza 2002, wanafunzi wa msingi waliruka kutoka milioni 4 na ushei hadi zaidi ya milioni 7 katika miaka michache. Vijiji vikaambiwa tena vijenge. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ukaleta elimu bila malipo kuanzia 2016, watoto wakafurika mara ya tatu. Safari hii amri ziligongana, kwa kuwa Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, na walimu wakaambiwa wasiguse fedha ya mzazi. Raia wa kawaida akabaki njia panda: nikileta tofali nimesaidia, au nimevunja agizo?

Halafu zikaja fedha kubwa. Mwaka 2021 mkopo wa IMF wa kukabiliana na UVIKO-19 ulijenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20. Kati ya hayo, 3,000 yalikwenda kwenye shule shikizi, yaani vile vishule vichanga vinavyoshikizwa kwa shule mama ili watoto wadogo wasitembee mbali. Kazi nyingi zilikwenda kwa fosi akaunti: hakuna mkandarasi mkubwa, fundi ni wa hapahapa, na wananchi wanakaa kwenye kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Wapo wanaoubeza utaratibu huu. Mimi nilimwona mzee mmoja wa kamati ya mapokezi, baragashia kichwani, akikataa kusaini hati kwa sababu mifuko miwili ya saruji ilikuwa imeganda. Dereva alibembeleza, akatisha, akapiga simu kwa bosi wake. Mzee akaketi juu ya mifuko ileile iliyoganda akaanza kutafuna karanga. Jioni ikaletwa mingine, akasaini. Katika miaka yote ya kuhudhuria mikutano ya shule sijaona raia akiwa na nguvu kama ile. Nguvu hiyo, hata hivyo, ilikwisha siku jengo lilipokabidhiwa. Siku ya pili yake mzee alikuwa mtu wa kawaida anayepita nje ya uzio.

Huko Kyoto, Japani, mambo yalianza tofauti. Mwaka 1869 mfalme alikuwa amehamia Tokyo, na mji uliokuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka elfu ukabaki kama nyumba iliyohamwa. Wafanyabiashara na mafundi wa hariri waliogopa kwamba mji wao utakufa. Mitaa yao ilikuwa imepangwa katika vikundi vya majirani, bangumi kwa Kijapani, 66 kwa jumla. Ndani ya mwaka huo mmoja vikundi hivyo vilifungua shule za msingi 64. Sheria ya kwanza ya elimu ya Japani nzima ilitoka 1872, shule za Kyoto zikiwa na miaka mitatu tayari. Mwaka huohuo mwanafikra Fukuzawa Yukichi alikwenda kuzitazama, akaandika kuzisifu.

Serikali ya mkoa iliweka fungu lake, lakini mzigo ulibebwa na kaya kwa mchango ulioitwa kamado-kin. Kamado ni jiko la udongo la kupikia wali; kamado-kin ni fedha ya jiko. Nyumba yenye jiko inalipa, iwe na mtoto wa kusoma au isiwe naye. Mswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Sisi kijana akioa tunasema kapata jiko, na kaya kwetu ni watu wanaokula chungu kimoja. Mama yetu wa vitumbua, ambaye jiko lake linawaka tangu saa kumi alfajiri, angekuwa wa kwanza kuandikwa kwenye daftari.

Naye angeuliza: nalipa kwa ajili ya nani? Angejibiwa kwa kuonyeshwa jengo. Shule hizo hazikuwa madarasa peke yake. Ndani yake mlikuwa na ofisi ya mtaa na ukumbi wa mikutano ya wakazi. Chanjo ilitolewa humo. Juu ya paa palikuwa na mnara wa kulindia moto, maana mji ulikuwa wa mbao na uliwahi kuteketea zaidi ya mara moja. Asiye na mtoto alikuwa na nyumba inayoweza kuungua. Zilikuwapo hata kampuni za shule zilizokopesha wakazi na kuendesha shule kwa faida iliyopatikana, jambo ambalo wanachama wetu wa saccos na vikoba wangelielewa mara moja. Kwa mkazi wa mtaa, mchango ulikuwa hisa katika nyumba ya wote, na watoto walikuwa wapangaji wa mchana.

Ndiyo maana upanuzi wa shule za Kyoto ulikuwa na fahari inayokaribia majivuno. Shule ya Meirin, katika mtaa wa wauza kimono, ilijengwa upya 1931 kwa michango ya wakazi, ikawekewa ukumbi wa mikeka 78 ya tatami na njia ya mteremko ya kupandia ghorofani. Ni jengo la watu wenye fedha, na halikuona haya kulionyesha hilo. Hapa sifa zangu kwa Kyoto zinaingia dosari. Mtaa tajiri ulijenga kitajiri, mtaa maskini ukajenga ulivyoweza. Tofauti hizo zilidumu hadi 1941, mfumo wa mitaa kujitoza wenyewe ulipofutwa. Fedha ya jiko ilikuwa ya haki ndani ya mtaa mmoja. Kati ya mtaa na mtaa haikuwa na habari na haki.

Kisha historia ikawageuzia kibao. Katikati ya mji watu walipungua, watoto wakaisha. Meirin ilifungwa 1993 na tangu 2000 ni kituo cha sanaa. Shule ya Tatsuike imekuwa jumba la makumbusho ya katuni za manga tangu 2006, na Rissei ikawa hoteli mwaka 2020. Wakazi hawakuondolewa katika hadithi. Mipango ya kubadili matumizi ilipitia kwao, na ndani ya majengo hayo wameachiwa nafasi zao. Hadi leo, mtu wa katikati ya Kyoto anaweza kukutajia eneo la shule yake ya zamani kama sisi tunavyotaja kijiji cha asili, hata kama shule yenyewe imegeuka mapokezi ya wageni.

Mfano wa tatu ni wa kusini mwa Marekani, na unaniuma zaidi. Mwaka 1912 Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama, alimshawishi tajiri wa Chicago, Julius Rosenwald wa kampuni ya Sears, Roebuck, atoe fedha za kujengea shule za watoto weusi vijijini. Mpaka mpango ulipofungwa 1932, zilikuwa zimejengwa shule 4,977 katika majimbo 15. Sharti la Rosenwald lilikuwa kwamba hatoi mpaka wenyeji nao watoe. Shule ya mwanzo kabisa, ya Loachapoka, ilikamilika 1913 kwa dola 942.50. Rosenwald alitoa 300, wazungu wa eneo lile 360, na weusi, waliokuwa maskini kuliko wote, walitoa 282.50, taslimu na kazi ya mikono kwa pamoja.

Mahali pengine familia zilitenga vipande vya shamba la pamba, mavuno yake yakawa ya shule. Boligee, Alabama, mzee aliyezaliwa utumwani alimwaga mezani dola 38, akiba ya maisha yake yote. Nikisoma habari hiyo naiona meza yenyewe na namna sarafu zinavyoviringika. Sina la kuongeza.

Majengo yalikuwa mazuri. Michoro ya mwanzo ilisimamiwa na Robert R. Taylor, mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha MIT, mwaka 1892. Vijiji havikuwa na umeme, kwa hiyo madirisha yalipangwa mengi, marefu, upande mmoja, na katika michoro iliyofuata dawati liliwekwa ili mwanga umjie mtoto kutoka kushoto, kivuli cha mkono wa kulia kisimfunike anapoandika. Michoro kadhaa ilikuwa na ukuta wa kukunjwa kati ya vyumba viwili. Ukifunguliwa, madarasa yanakuwa ukumbi wa kijiji.

Lakini kulikuwa na kipengele katika masharti: ardhi na jengo vikabidhiwe kwa mamlaka ya elimu ya umma. Kipengele hicho kilikuwa na nia njema, kwamba serikali ibanwe kuzitunza shule hizo na kuwalipa walimu. Mamlaka yenyewe ilikuwa ya wazungu, katika majimbo ambako mara nyingi mweusi alizuiwa hata kupiga kura. Kwa hiyo mtu alilipa kodi, kodi ikaenda kujenga shule nzuri za watoto wa kizungu. Kisha akachanga tena ili mwanawe apate kile ambacho kodi ile ilipaswa kumpa. Kisha akakabidhi hati kwa yuleyule aliyemnyima. Mwanahistoria James D. Anderson, katika kitabu chake cha 1988 kuhusu elimu ya weusi wa kusini, aliuita mzigo huo kutozwa kodi mara mbili. Hesabu za mpango mzima zinamuunga mkono: weusi walichanga zaidi ya dola milioni 4.7, na Rosenwald, ambaye jina lake ndilo lililobaki kwenye shule, alitoa kama milioni 4.3.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta ubaguzi mashuleni mwaka 1954, na miaka iliyofuata watoto walipounganishwa, shule zilizofungwa zikawa hizi. Waliozijenga hawakuulizwa. Nyingi zilioza. Chache zilinusurika kwa sababu wahitimu wake walizirudia wakiwa na nywele nyeupe, kama ile ya Noble Hill kule Cassville, Georgia, iliyojengwa 1923, ikafungwa 1955, ikafunguliwa upya 1989 kama makumbusho. Hebu fikiria: watu wanachangisha mara ya tatu kwa ajili ya jengo lilelile.

Kabla hujasema hayo ni ya Marekani, kumbuka kwamba Tuskegee iliwahi kutufikia. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kukagua elimu, na ndani yake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast. Ilikuja na mawazo ya kusini mwa Marekani mkobani. Mwaka uliofuata, Kabete, Kenya, ikafunguliwa Shule ya Jeanes ya kufundisha walimu wa kukagua na kuinua shule za vijijini, ikiiga walimu wa Jeanes wa Marekani, walewale ambao katika kaunti nyingi ndio waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuchangisha fedha za shule za Rosenwald. Utaratibu wa mwalimu anayehamasisha kijiji kijijengee, huku madaraka yakikaa kwingine, una ukoo mrefu kuliko tunavyodhani.

Wakikuyu waliona mtego huo mapema. Baada ya mgogoro wao na misheni mwaka 1929, walijenga shule zao wenyewe, chini ya vyama vya KISA na Karing'a, wakachanga mbuzi, mbao na shilingi, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Ufunguo walikaa nao wenyewe. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ikazifunga shule hizo, na Githunguri pakageuzwa mahali pa kunyongea watu. Sijui jibu lolote la kumpa mama wa vitumbua linaloweza kuikwepa habari hiyo. Anayeshika ufunguo bila dola anaweza kunyang'anywa. Harambee ya baada ya uhuru ilizaliwa kati ya watu waliokuwa na kumbukumbu hii, na pengine ndiyo sababu Mkenya huchanga kwa moyo na papo hapo kutazama nani ameshika kikapu.

Nisiipite Gando, kijiji cha Burkina Faso alikozaliwa msanifu Francis Kéré. Akiwa mwanafunzi Berlin alikusanya fedha, akarudi kujenga shule ya msingi iliyokamilika 2001: kuta za tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, dari ya tofali yenye matundu, na bati limeinuliwa juu yake kwa vyuma ili hewa ya joto itoroke. Wanawake walipigilia sakafu kwa pamoja hadi ikang'aa. Wanakijiji mwanzoni walinung'unika, wakisema udongo ni wa nyumba za maskini. Tuzo ya Aga Khan ilikuja 2004, na 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker. Mimi nimeshikwa na kitu kingine. Watoto walipozidi na shule kupanuliwa mwaka 2008, mafundi walikuwapo kijijini, maana walifunzwa ufundi huo kwenye jengo la kwanza. Huo nao ni ufunguo, na hauna kitasa.

Ukitoka Gando ukaingia darasa letu la bati saa saba mchana, utaelewa ninachosema. Bati limekaa moja kwa moja juu ya kenchi. Jua likiwaka, watoto wanasinzia kama kuku. Mvua ikinyesha, mwalimu anaweka chaki chini, anakunja mikono, anangoja. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa hivyo kwa dakika arobaini nzima. Hakuna aliyeongea, maana asingesikika. Mtoto mmoja alikuwa akinakili ubao wa somo lililopita.

Hilo linaangukia kwenye ukarabati, jambo ambalo hatulipendi. Darasa jipya lina jiwe la msingi, lina utepe na mkasi na mgeni rasmi na ngoma. Bati lililotoboka halina mgeni rasmi. Mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na matundu yakijengwa tutaalikwa kuyazindua. Shimo likijaa hatualikwi. Ruzuku ya uendeshaji inayoingia akaunti ya shule ya msingi, shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, inagombaniwa na chaki, mitihani, karatasi na huo ukarabati. Unajua nani atashinda. Kuna shule zilizopanuliwa mara mbili huku jengo la kwanza likiwa limebaki kama lilivyoachwa na waliolijenga, sakafu imechimbika mpaka watoto wanachezea bao kwenye mashimo. Watoto wakizidi mno, shule hupasuliwa, ikawa A na B, walimu wakuu wawili, kengele mbili, choo kilekile.

Kwa nini hatukarabati? Jibu la kawaida ni umaskini. Mimi silikubali, au tuseme nalikubali nusu. Mtaa huohuo hukarabati msikiti wake kila Ramadhani inapokaribia na kupaka kanisa rangi kabla ya Pasaka, hakuna waraka, hakuna mgambo. Watu hutengeneza kile wanachokitumia na ambacho wanaweza kukifungua. Shule yetu hufungwa saa tisa na nusu. Mikutano ya mtaa, pamoja na ule wa kuipanua shule yenyewe, hufanyika nje chini ya mwembe, mbele ya madarasa yaliyofungwa kufuli. Wakati wa uchaguzi tu ndipo mlango hufunguka, tukaingia kupiga kura tukiwa tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto.

Na lipo lile la kutozwa mara mbili. Shule za katikati ya mji wetu, zile za mawe zenye veranda pana, zilijengwa kwa fedha za umma tangu enzi za ukoloni, na sijasikia mkazi wa kule akidaiwa tofali. Tunaodaiwa ni sisi wa pembezoni, tuliofika baadaye, tusio na lami wala bomba, na tunalipa kodi ileile kwenye sabuni na muda wa maongezi. Huwa nikilisema hili mkutanoni, watu wanadhani napinga mchango. Sipingi. Tofali zangu nilileta. Nataka tu tuache kuuita mchango huo hisani yetu kwa watoto, wakati ni deni ambalo wengine hawakudaiwa, na mwenye kulipa deni ana haki ya kupewa risiti.

Mama wa vitumbua alizileta tofali zake wiki ya tatu, kwa toroli la kukodi. Alizipanga mwenyewe kando ya boma lenye mpapai, tano juu ya tano, akapangusa mikono. Mwalimu mkuu akatoka ofisini kumshukuru.

"Ahsante sana, mama yetu."

"Ahsante na wewe, mwalimu. Sasa sisi akina mama tuna kikoba chetu, tunakutana Jumamosi kwenye jua. Darasa likiisha, Jumamosi tutaruhusiwa kukaa humo?"

Mwalimu mkuu akacheka kidogo, akasema majengo ni ya serikali, lazima kibali kitoke kwa mtendaji, na mtendaji naye aulize halmashauri.

"Sawa. Na ufunguo anakaa nao nani?"

Mwalimu hakujibu papo hapo. Kikao cha kamati kilichofuata alilileta swali lile mwenyewe, kwa uungwana, bila kumtaja aliyeuliza. Tulilizungumza kama robo saa, kisha katibu akaliandika kwenye muhtasari, ukurasa wa mwisho, chini ya Mengineyo.